Kulabu Nne na Friji Moja

Juma Kuu, njia ya Santa Marta.
Magari yamegusana pua na mkia.
Libardo ameshika usukani, mimi nimeshika keki:
ghorofa tatu, maua ya sukari,
na jina la mpwa wetu, Yuleisi, kwa herufi za kulala.
Kesho adhuhuri anatimiza kumi na tano, huko Riohacha.
Leo saa kumi na moja jua bado linadhani ni saa saba.

Ciénaga tuliomba chumba.
Msichana wa mapokezi hakuinua macho kwenye simu:
"Pamejaa."
Rodadero, pamejaa,
hata ubao wa kusema pamejaa umepakwa rangi mpya.
Guachaca bwana mmoja alitufungulia stoo ya miavuli,
akataja bei.
Libardo alicheka mpaka akakohoa.
Bwana hakucheka. "Wa Bogotá wanalipa," alisema,
akafunga stoo taratibu, asiiamshe miavuli.

Nyuma, mama mkwe, Bi Ubaldina,
anaipepea keki kwa gazeti la juzi.
Hajampepea mtu tangu tuvuke daraja la Magdalena.
"Ninyi mkilala njiani mtaamka," anasema.
"Hii haiamki."

Giza likaingia. Bahari kushoto, haionekani, inanuka tu.
Waridi la kwanza liliteleza, likakaa gotini mwangu.
Sikusema.

Palomino, Bi Ubaldina akashuka mwenyewe,
viatu mkononi, akagonga kwa mziba pancha.
Hakuomba chumba.
"Mna friji?"

Mwanamke aliyefungua, Nidia, ana magamba ya samaki mikononi.
Aliitazama keki kama mtu anavyomtazama mtoto wa siku saba.
Akatoa bia. Akatoa sufuria ya maharage,
akang'oa rafu moja, akapima kwa shibiri,
akang'oa na ya pili.
"Yeye atalala," alisema. "Na ninyi je?"

Chumba hana. Ana kulabu nne ukutani,
kati ya matairi na picha ya Bikira,
na kila kulabu ina bei yake.
Kulabu nne ni machela mbili.
Libardo alirudi garini bila kuambiwa.
Bi Ubaldina aliingia kinyumenyume, makalio kwanza,
kama walivyomfunza utotoni,
akalala papo hapo, mdomo wazi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Nidia hakuwa mgonjwa;
aliyekohoa usiku kucha ni friji.
Umeme ulikatika mara mbili.
Mara mbili nilisikia nyumba nzima ikizuia pumzi,
hata Nidia nyuma ya pazia,
hata Bi Ubaldina, niliyedhani amelala.

Alfajiri Y ya Yuleisi ilikuwa imegeuka V.
Mkia wake umekombwa, safi, upana wa kidole kidogo.
Mlangoni amesimama mjukuu wa Nidia,
midomo ya waridi, mikono mgongoni,
anatazama tairi kwa makini ambayo tairi halistahili.

Bi Ubaldina akalipa kulabu nne,
akahesabu noti mara mbili, hakupunguza hata moja.
Kisha akachovya kidole palepale, akakilamba,
akafikiri.
"Imezidi sukari," akamwambia mtoto.
Mtoto akatikisa kichwa: haikuzidi.

Nje, foleni ilikuwa imeamka kabla yetu.