Nusu Milimita

Ketill alileta vyuma viwili, amevifunga blanketi kama wagonjwa:
giaboksi ya Kijapani, bolti zake sita,
na transfa ya lori la jeshi la Marekani, bolti nane.
Akavilaza mezani pangu uso kwa uso.
"Viunganishe, Hallbera," akasema,
kana kwamba ananiletea posa.

Saa nne asubuhi, nje giza bado.
Januari hapa Egilsstadir jua lina tabia za mdeni:
huchungulia, likaaga.

Nikapima. Shafti ya meno ishirini na moja
iingie kikombe cha meno ishirini na matatu.
Haiingii. Haitaingia hata kwa dua.
Basi shafti mpya, na kati yao bamba la alumini
nene kama biblia ya kanisani,
upande huu matundu sita, upande ule manane,
na katikati duara moja
ambalo likikosea, yote yamekosea.

Najua kukereza. Miaka kumi na tisa
natengeneza shafti za kiwanda cha samaki.
Mashine yangu imenizidi umri, huvuta kidogo kushoto;
nimeizoea kama mtu anavyomzoea mume anayekoroma.

Adapta ya kwanza ilipendeza, nasema bila haya.
Iling'aa. Ketill aliipiga picha.
Tulipofika kilomita arobaini kwa saa
gari likaanza kutetemeka: vikombe, kioo cha pembeni, meno yetu.
Nikalala chini, ncha ya bisibisi kwenye giaboksi, mpini sikioni,
nikasikia beringi ikitafuna mchanga.
Nusu milimita. Duara lilikikosa kitovu
kwa nywele sita ukizipanga.

Ketill hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.
Alifungua chupa ya chai
akanimiminia mimi kwanza.

Ya pili, niliweka saa ya kupimia kwenye bamba
nikalizungusha kwa mkono. Sindano ikaruka.
Nikagonga kwa nyundo ya mbao. Nikazungusha.
Nikagonga.
Kahawa ikapoa, nikaipasha, ikapoa.
Usiku sindano ikatulia kama paka aliyeshiba,
ndipo nikawasha umeme.

Jumapili tukapanda barafuni,
matairi tumeyatoa upepo mpaka yamekunjamana.
Ketill akavuta gia ndogo: klak.
Gari likatambaa juu ya weupe, polepole,
kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala.
Kilichotetemeka ni mkono wangu tu, nao kwa baridi.
Ketill akasifu injini.
Akasifu matairi.

Adapta ya kwanza inazuia mlango wa karakana usipigwe na upepo.
Jana Ketill kapiga simu: kaka yake naye ana gari.
"Bolti ngapi?"
"Saba."
"Saba? Nani mwenye akili anaweka bolti saba?"
Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza
kuifuta kalipa kwa pindo la shati.