Tunakupakia

Viatu vya ofisini navivaa bado.
Safari yenyewe ni hatua nne,
kutoka kitandani hadi meza ya cherehani ya mama
(cherehani nimeiteremsha chini, inanitazama),
lakini miguu yangu haikubali kuwa ni kazi
mpaka isikie soli.

Miaka tisa niliandika nyaraka za mizigo Kilindini,
matairi, mitumba, mchele wa Pakistani,
hadi makontena yakapanda reli yakatupita,
na bosi akatuita mmoja mmoja, akatupa mkono
kama tuliofiwa.

Nikaanza kutafuta.
Kwa Swabri, Mwembe Tayari, shilingi moja kwa dakika,
nilijaza fomu iliyoniuliza naishi jimbo gani:
orodha ikaanza Alabama, ikaishia Wyoming,
Mikindani haimo.
Wengine wakanijaribu bure, dakika arubaini za sauti,
daktari anakohoa, mgonjwa anakohoa,
nikaandika hadi kikohozi. Kimya.
Mmoja akataka elfu moja mia tano ya usajili.
Nikatuma. Namba yake ikafa
kabla ya ujumbe wa salio kufika.
Hilo sikumwambia mtu.

Umazi, jirani, akasema: tuma maombi mia, moja litanasa.
Nilituma mia na kumi na saba.
Yaliyojibiwa, manne.
Yaliyojibiwa na mtu mwenye damu, hakuna.

Halafu ile programu ya kliniki.
Nataka tarehe ya chanjo ya Munira, basi,
nayo inaniandikia: *Tafadhali subiri, tunakupakia.*
Nikacheka peke yangu hadi mtoto akaamka.
Mimi? Kama gunia? Kwa winchi au kwa mgongo?
Nikabonyeza tena: *Je, unakubali biskuti zetu?*
Ingekuwepo chai, nikasema, ningekubali.

Usiku ule sikuomba kazi.
Niliwaandikia tu, kama unavyomnong'oneza mgeni
kwamba shati amelivaa ndani nje:
makosa thelathini na moja, kila moja na dawa yake,
na chini jina langu, na mtaa.

Siku tisa. Kisha barua, na ndani ya barua, mtu.
Anaitwa Ingunn. Tuongee Alhamisi, anasema, saa tatu.
Saa tatu ya nani? nikamuuliza.
Yako ikipiga tatu, yangu ni tano, na kwetu tano ni usiku.
Baadaye aliniambia ni swali hilo lililomkalisha kitako.

Alhamisi. Juu blauzi ya harusi ya dada, chini kanga.
Umazi mlangoni na mwiko, anazuia watoto.
Dakika ya sita stima ikakatika;
giza likanila uso, sauti ikabaki kwenye simu.
Uko salama? akauliza, kashtuka kweli.
Niko salama, nikasema, ni stima tu.
Tuendelee. Tulikuwa kwenye biskuti.

Sasa mama anawaambia watu mwanawe anawaandikia wagonjwa.
Majirani wanauliza taa ile haizimwi kwa nini,
anauza nini usiku huyu?
Namuuza "bonyeza," nawauzia "subiri kidogo,"
nauza koma.
Mshahara wa kwanza ulifika umekatwa na benki mbili,
nikalipa deni la Swabri, nikamnunulia Umazi mwiko mpya,
ule wa zamani ulivunjika Alhamisi ile, sikuuliza vipi.

Kosa la kwanza kulifuta lilikuwa lile.
Kidole kikasita. Nikalinakili kwanza kwenye karatasi,
nikalibandika ukutani juu ya meza:
*tunakupakia.*
Mkataba ni wa miezi mitatu, umebaki mmoja na siku kadhaa.
Nimepakiwa, ndiyo. Kama meli imeng'oa
au bado inahesabu mizigo, hawajaniambia.

Kuku wa Umazi wanaanza. Kule Ingunn anazima taa.
Namwandikia "usiku mwema," nafuta, naandika "lala salama,"
nafungua kamba za viatu.