Ufunguo Wenye Uzi wa Nyavu

Umeniachia ufunguo, Bi Nyanzobe,
umefungwa kwa uzi wa nyavu, wa kijani,
bado unanuka dagaa.
Hukuacha barua. Hukuacha waraka
wa namna ya kuongoza watu kumi na tisa
na mashine moja yenye pumu.

Kiti chako nimekikuta kipya.
Miaka kumi na moja, na nailoni ingali mgongoni.
Nilidhani ulikuwa unakitunza.

Nilikuja Kirumba na cheti kwenye bahasha,
nikilijua neno "ufanisi" na jinsi ya kulitamka.
Ukanipa ndoano ya kuvutia magogo ya barafu,
ukasema, "Anza na uzito."
Wiki tatu nilivuta hadi mlangoni, kwa wenye mitumbwi,
viganja vikachubuka,
ndipo ukaniita mezani kunionyesha hesabu.
"Sasa utajua namba hii inauma wapi."

Ulijua mtoto wa Magesa anatibiwa Bugando
Jumanne moja kila mwezi;
ratiba ikapinda, naye hakuomba mara mbili.
Ulijua Nyamizi hawezi kusoma mita
ila anasikia kompresa ikikohoa
kabla mshale haujacheza.
Ukamweka karibu na mashine, ukampa kijana wa kumsomea.
Watu wakasema, upendeleo.
Ukasema, "Ni masikio."

Sisemi ulikuwa malaika.
Sifa ulizipima kama dawa ya kikohozi,
kijiko kimoja, na kifuniko kinarudi haraka.
Na siku ile ulimwita Lugwisha mwizi wa dizeli,
kumbe tangi limetoboka chini.
Kesho yake ulipanda juu ya kreti, wavuvi wakiwa foleni:
"Jana nilikosea, tena kwa sauti.
Kwa hiyo leo naomba radhi kwa sauti."
Lugwisha alitazama buti zake.
Nadhani alilia. Hakuna aliyeuliza.

Halafu usiku wangu.
Umeme ulikatika saa nane,
na mimi, mwenye jukumu la jenereta,
nilikuwa nimelala juu ya magunia.
Magogo mia mbili na arobaini yakawa maji,
yakapita chini ya mlango, yakaenda zake ziwani
bila kuaga.
Tajiri akaja asubuhi, viatu vyeupe, anataka jina.
"Jina ni langu," ulisema. "Zamu zote ni zangu."
Akakukata mshahara.
Nilikuwa nyuma ya pipa. Nilisikia.

Mchana ukanipeleka nyuma ya stoo, pasipo mtu,
na huko hukupamba maneno; ulinipasua kama sato.
Kisha ukanipa daftari:
"Andika ulivyolala. Saa ngapi, kwa nini,
na nini kingekuamsha."
Niliandika: kengele.
Wiki ile ile ikafungwa. Bado ipo.
Jana usiku imelia.

Leo ni siku yangu ya nne.
Kijana Ng'wandu ameacha wazi mlango wa chumba cha baridi
dakika arobaini, anapiga soga na mama wa uji.
Nimetoka ofisini na neno mdomoni,
neno zito, lenye ncha,
na watu wote wamesimama kuona
mimi ni meneja wa namna gani.
Wavuvi pia. Hata korongo juu ya bati.

Nimelimeza. Limeshuka kama mwiba wa sangara,
sijui limefika au limekwama.
"Funga mlango," nimesema. "Saa kumi tuonane."

Sasa ni saa kumi kasorobo
na sina hakika nitamwambia nini.
Kiti kinang'aa. Nimesimama,
kiganja juu ya kompresa, ulivyokuwa ukifanya.
Nyamizi ananitazama kwa pembeni.
"Unasikia nini?" namuuliza.
"Ngoja kwanza," ananijibu. "Unaongea mno."

Nangoja.