Nukta ya Kumi na Mbili

Tulikuwa tisa na ramani moja,
imechorwa nyuma ya kalenda ya duka la saruji:
Muyeye nzima kwa kalamu ya risasi,
msikiti, kisima cha maji chumvi, kinyozi,
ukuta wa Mwitaliano aliyehama na funguo zake.
Kadzo ndiye aliyeshika kalamu nyekundu.
"Semeni wapi na lini," akasema.
"Nani, tusiseme."

Basi tukasema.
Nyuma ya kinu: simu ya Bahati, saa moja na robo.
Penye mchongoma: mtungi wa gesi,
bei yake bado imebandikwa kifuani.
Kando ya choo cha soko: viatu vya shule,
vimevuliwa miguuni mwa mtoto, soksi akaachiwa.
Kila neno likawa nukta,
nukta kumi na moja, kama surua.

Wakubwa wetu walitaka marungu.
Mwezi uliopita walimkimbiza mtu hadi mikokoni,
wakarudi kimya, wakanawa
kwa maji mengi kuliko mikono inavyohitaji.
Za mwizi ni arobaini, walituambia.
Sisi hatukutaka kuijua ya arobaini na moja.
Ndiyo maana tukakaa juu ya matofali
ya kanisa lisilokwisha kujengwa,
tukihesabu giza badala ya vichwa.

Ndipo Luganje,
ambaye hakuwa amefungua kinywa ila kwa chai,
akaiomba kalamu.
Akainama. Akaweka nukta
katikati ya vibanda viwili, mahali ambapo
ramani yetu haikuwa hata na njia.
"Hapa pia. Usiku wa maulidi.
Mkoba. Mlikuwa na dawa ya pumu
na shilingi mia mbili themanini."

Nilitazama daftari: hamna.
Nilimtazama Kadzo: kifua chake kimesimama,
maana pumu ile ni ya mama yake,
na mama alisema mkoba aliusahau kwenye tuktuk.

Mbuzi alipita,
akatafuna pembe ya ramani, upande wa Barani.
Hakuna aliyemfukuza.

Hapa kwetu neno moja linatosha.
Ukilipaza, mawe huota miguu.
Nililisikia likinipanda kooni,
likagonga meno kwa ndani.

Kadzo akaichukua kalamu, polepole,
akaizungushia nukta duara,
akaandika kando yake: kumi na mbili.
Kisha, bila kuinua uso:
"Ulijibanza upande gani?"
"Huu."
"Kwa nini huu?"
"Taa ya mzee Ngumbao huzimwa saa mbili.
Na mbwa wa pale ni kiziwi."

Akaendelea. Hatukumwomba, aliendelea tu:
ua gani hupitika, ukuta gani hukupa kivuli
hata mwezi ukiwa mpevu,
mwenye duka gani hununua simu bila kuuliza nywila.
Kadzo aliandika mpaka wino ukapauka.
Semina tatu tumekwenda, mjini, kwa soda na nauli.
Hakuna aliyetuambia habari za mbwa.

Taa ya kwanza tuliitundika pale,
waya tumeuvuta kutoka kwa Ngumbao,
kila nyumba ishirini ishirini kwa wiki.
Luganje alipanda. Mimi nilishika ngazi.
Sijui hadi leo kwa nini niliibana vile:
asianguke,
au asitoroke.

Mama yake Kadzo hajamsamehe.
Dawa alirudishiwa, mpya, na risiti yake,
akaipokea kwa mkono wa kushoto.
Jioni akifika chini ya taa
huuhamisha mkoba bega la pili,
salamu ya Luganje huijibu nusu,
nusu nyingine huenda nayo nyumbani.

Lakini hupita pale.
Zamani alizunguka hadi lami.