Daftari la Kisiwa

Daftari ni la hesabu, la miraba midogo.
Chidawali aliliacha alipomaliza darasa la sita.
Kurasa za mwanzo ni sehemu na desimali;
kuanzia katikati, kwa kalamu nyekundu, ni Mafia.

Wifi yangu Nyemo ndiye aliyeanza.
Aliona kwenye simu ya mteja, saluni, pale Majengo:
samaki mwenye madoa, mrefu kama basi la Kondoa,
na mtu kando yake, mdogo kama nukta.
"Papa potwe," akaniambia. "Hang'ati. Anakula vidagaa.
Twende tukamwone kabla magoti hayajatukataa."

Tangu hapo kila Jumapili, ibada ikishatoka,
tunaketi kwenye ngazi za nyuma, Nkuhungu,
tunaandika, tunakata, tunaandika.

Treni hadi Dar: daraja la kawaida, wawili.
Chakula njiani: viazi vya kuchemsha, karanga, tubebe.
Gari la Nyamisati. Boti hadi Kilindoni.
Hoteli: hapa Nyemo alichora uso unaocheka.
Turubai la kuanikia karanga, kamba, vyandarua viwili,
na ruhusa ya kulala uani kwa binti wa shangazi yake,
muuguzi wa zahanati hukohuko,
ambaye bado hatujamwambia.

Miwani ya kuzamia ina bei ya mbuzi.
Tukaenda kwa Lechipya, mchomeleaji wa Kizota.
Akatoa miwani yake ya zamani,
kioo cheusi akabandua, akaweka cheupe,
pembeni akaziba kwa mpira wa baiskeli na gundi ya pancha.
"Cheche haziingii," akasema. "Maji, sijui."

Na kuogelea?
Mimi bahari nimeiona kwenye kalenda ya benki.
Maji kwetu huja Jumanne na Ijumaa, usiku wa manane,
bomba likikohoa vumbi kwanza.
Basi tunaamka. Tunajaza madumu, tunajaza pipa,
na beseni la mwisho
ndiyo bahari.
Nyemo anatumbukiza uso, mimi nahesabu.
Kumi na tano. Kumi na tisa. Anaibuka anapaliwa,
kope zinamchuruzika, na jirani dirishani anauliza
nani kafiwa.
Maji hayo hatuyamwagi ovyo: asubuhi yanafua sare,
yakitoka hapo yanakwenda shinani kwa mzabibu.
Msimu huu zabibu zetu zikikolea chumvi, msishangae.

Kaka yangu Mlugu alitupita na kandambili zake:
"Wagogo wawili na bahari! Nani atawazika?"
Nikamjibu, "Wewe. Anza kuweka pesa ya jeneza,
au tupe sasa hivi tuongezee nauli."
Hakucheka. Lakini kulipokucha
chini ya daftari palikuwa na noti ya elfu kumi,
imekunjwa mara nne.

Mwezi wa tatu mahindi yakapanda bei.
Tukakata usiku wa sita.
Chidawali akatoboa viatu: tukakata wa tano.
Upepo ukang'oa bati la jikoni,
ukaondoka nao wa nne, na wa tatu ukafuata misumari,
na boti ya kwenda kumtazama papa mwenyewe
ikaandikwa: tutaulizana bei tukifika.
Ukurasa sasa una makovu mekundu kuliko tarakimu.
Zimebaki siku mbili, usiku mmoja, na karanga.

Nikasema, wifi, basi. Tungoje mwakani.

Hakunijibu. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa usiku,
bomba limeshaanza kukohoa.
Alivaa miwani ya Lechipya, akakaza mpira kisogoni,
akainama hadi masikioni.

Nikahesabu. Ishirini. Thelathini na mbili.
Thelathini na nane, na mapovu yamekoma.
Arobaini na moja,
nikanyoosha mkono nimvute bega,
naye, uso ukiwa bado chini ya maji,
akaniinulia kidole kimoja:
ngoja.