Koili ya Silinda ya Tatu

Ikisimama haina neno. Inanguruma kama paka aliyeshiba,
mshale umetulia, Hartill anakunywa chai ya maziwa
chini ya tao la reli, Wolverhampton, Jumamosi ya mvua.
"Iko sawa," anasema.
Namwambia: subiri mlima.

Kwenye mlima wa Sedgley, gia ya tatu, tabo ikijaza kifua,
ndipo inapokohoa. Moja. Mbili. Kisha kimya,
kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu.

Mzigo ndio msema kweli.
Tumeizidishia injini hii pumzi kuliko iliyozaliwa nayo,
na hewa ikishindiliwa, cheche hupigana kuvuka
ufa mwembamba kama ukucha wa mtoto.
Koili imekaa juu ya joto lote hilo,
waya mwembamba umeviringwa na waya mnene
maelfu ya mizunguko, gizani,
ikiombwa radi mara hamsini kila sekunde.

Nilinunua nne kwa bei ya moja.
Rahisi ghali: najua, usinisomee.

Hartill anafungua boliti mbili.
Koili ya tatu anaipeleka ya pili, ya pili anaileta ya tatu.
"Ugonjwa ukihama," anasema, "mwenye ugonjwa ni koili.
Ukibaki palepale, tutafute kwingine."

Tunapanda Sedgley tena.
Silinda ya pili, iliyokuwa nzima tangu jana,
inakohoa. Kisomaji mapajani mwa Hartill kinaandika: mbili.
Anacheka kama aliyemkamata mwizi kwa ukosi.
Mimi nimeshika usukani, sicheki.

Maana Mbarouk alikuwa akisema, kule Leicester,
kwamba ila ya nyumba ile ni mimi,
na popote niendapo nitaibeba.
Nikahama na masanduku mawili na gari hili.

Kipupwe cha tatu hiki.
Si kwamba sijapanda milima:
kodi ya nyumba, zamu za usiku kwenye kiwanda cha mikate,
simu ya msiba wa mama iliyonikuta mikono imejaa unga.
Nasikiliza. Nazima redio, nasikiliza tena.

Hartill anauliza kama aagize zile halisi, za bei mbaya.
Nne, namwambia. Na plagi uzibane nyufa kidogo.

Ile mbovu naitia mfukoni.
Bado ya moto.