Hesabu ya Gereji ya Mabela

Gereji ya Muhanna haina gari.
Ina magodoro manne yaliyopigiliwa ukutani kwa misumari
ili sauti isirudi,
ina zulia lililostaafu msikitini,
na kiyoyozi tunachokizima kila tukirekodi,
jasho likatutoka mpaka nyuzi za udi zikalegea.

Mimi siimbi. Mimi naandika.
Mchana nauza vigae Ghala,
usiku mshika daftari wa watu watatu wasio na kampuni:
Muhanna, dereva wa lori la maji matamu;
Rayya, muuguzi wa zamu, sauti yake inakwaruza kama mkeka mpya;
na Dadkarim, Mbulushi, fundi wa mafriji,
apigaye ngoma kwa vidole vilivyoungua gesi.

Tufani ilipoipitia Batina
wadi ilishuka na milango ya watu.
Kijiji cha shemeji yake Dadkarim
kilijaa tope hadi madirishani, mitende imelala
kama iliyokatazwa kuamka.
Sisi Mabela tulivujiwa dari tu.
Tuliona haya.

Basi tukaulizana: tuna nini?
Tulikuwa na wimbo mmoja, haujaisha,
wa mapenzi, ati, wa mtu aliyesahau viatu
mlangoni kwa mtu.
Tukauacha hivyo hivyo. Rayya alisema,
"Aliyefikwa na maji hataki kuimbiwa maji."

Lakini Muhanna alikuwa na sauti ya wadi kwenye simu,
ameinasa usiku ule akiwa juu ya tangi la lori:
ngurumo, na ndani yake, ukitega sikio,
mtu anaita jina.
Akataka tuiweke mwanzo. "Itauza," akasema,
kisha akalisikia neno lake mwenyewe,
akatoka nje kuvuta sigara ambayo hakuiwasha.
Haikuwekwa.

Nusu riali kwa wimbo. Pesa zikaingia kwa simu.
Nasoma daftari:
baisa mia tano, mia tano, mia tano.
Riali ishirini kutoka Sur, bila jina.
Baisa mia mbili, na ujumbe: "Mwezi umenishinda, nitamalizia."
Alimalizia. Tarehe ishirini na saba.
Riali tatu za mpishi mmoja wa Tanga aliyeko Doha,
anauliza kama viatu vilirudishwa.
Binamu yangu wa Ruwi alitusifu mbele za watu, akaahidi hamsini;
mstari wake nimeuacha wazi,
wino nao una bei.

Jumla: riali mia sita na kumi na mbili, baisa mia tatu.
Pampu moja ya kufyonza tope. Majembe. Dawa ya kisima.
Mablanketi. Magodoro, hadi pesa ilipokatika.
Tukahesabu nyumba, tukahesabu magodoro,
tukahesabu tena,
kana kwamba hesabu ina huruma.
Nyumba nne zikabaki nje ya orodha.

Hakuna aliyesema kitu.
Dadkarim akachukua koleo
akaanza kung'oa misumari.

Siku hizi gereji inarudisha kila kitu:
kikohozi, funguo, kalamu yangu ikianguka.
Rayya akiimba, ukuta unamwitikia
na kumchelewesha.
Wanunuzi wanalalamika: huu wimbo mpya
mmeurekodia kisimani?
Muhanna anataka tununue sifongo.
Nimemwambia daftari halina fungu hilo.

Jana shemeji yake Dadkarim alituma picha:
mtoto kalala fofofo, mdomo wazi,
shavu juu ya tundu la msumari.